Kinachomliza Kirubel

Benchi ni langu na kahawa ni yangu, ila maneno ni ya hao wazee. Mimi namimina tu. Nipo hapa chini ya ngazi za soko la Dessie, kwenye kibaraza cha mshona makoti, na kila asubuhi, ukungu haujapanda mlimani, nakuta wameshakaa, wamejifunga mashuka hadi masikioni, wananitazama kana kwamba nimewachelewesha harusini. Mwisho kabisa, mgongo ukutani, anakaa Dirisha. Jina lake ni Mekuria, lakini anaogopa upepo kuliko kifo, na tangu siku ile alipogombana na basi zima kutoka Addis mpaka hapa ili wafunge madirisha, nani tena atamwita Mekuria? Katikati anakaa mzee Endris, ambaye sote tunamwita Shambeli, yaani kapteni. Jeshini alikuwa mpishi, ila bereti anayo, na ole wake atakayeigusa. Upande wa barabarani yupo Nusu Daktari. Huyo alisomea utabibu wa mifugo muhula mmoja, halafu chuo kikafungwa, au yeye akafukuzwa, inategemea umemuuliza siku gani. Mimi ni Zinash. Nafukiza ubani, natwanga, nachemsha, namimina raundi tatu kama mtu mwenye adabu zake: ya kwanza kali, ya pili ya wastani, ya tatu nyepesi, na hiyo ndiyo baraka. Anayeondoka kabla ya baraka kaondoka na mkosi wake, mimi simo.

Siku hiyo nilikuwa namimina ya kwanza bajaji ya Gizachew ikasimama mbele yetu, injini inakohoa. Kabla hajashuka tukasikia kilio. Gizachew ni kijana wa mtaa huu huu, nimemwona akikua, nimemfukuza sana kwenye kopo langu la sukari. Kifuani alikuwa amemfunga mwanawe Kirubel, mtoto wa miezi mitano na ushee, kidevu kimelowa, shingo imelowa, analia kile kilio cha mtu aliyedhulumiwa mali yake.

— Mama Zinash, nipe kimoja cha haraka. Nina safari.

— Safari ya wapi na kitoto kwenye baridi hii?

Akaangalia viatu vyake.

— Kwa Mama Spoku, akasema mwishowe.

Hata Shambeli akanyamaza, na Shambeli hanyamazi hata akiwa na injera mdomoni. Mama Spoku tunamjua wote. Anakaa nyuma ya kinu cha unga, na kazi yake ni kutoa meno mabaya. Mtoto akilia mfululizo, akipata joto, wanasema kuna meno mabaya yamejificha kwenye ufizi, meupe, laini, yana dudu ndani, na yasipotolewa yatammaliza. Basi Mama Spoku huchukua spoku ya baiskeli aliyoinoa, akachimba. Mzazi anashika miguu.

Mimi yangu yalichimbwa. Chonge zangu za ukubwani zikaja zimepinda, ya kushoto imelala kabisa, ndiyo maana nikicheka naziba mdomo kwa mkono. Mama alifanya kwa kunipenda, Mungu amrehemu. Lakini spoku ile, jamani. Hata leo baiskeli ikipita nasisimka.

— Na Wubit anasemaje? nikamuuliza. Wubit ndiye mkewe, mama wa mtoto.

— Hataki. Tumegombana mpaka majirani wamegonga ukuta. Kaniambia, kama unampeleka mpeleke mwenyewe, mimi miguu ya mwanangu sishiki. Kaenda zake kazini kuoka injera, hata kwaheri hakuniaga.

— Sasa?

— Sasa mama yangu je? Kaka yangu wa kwanza alilia hivi hivi, hawakumtoa meno, akafa. Kila Kirubel akilia mama anatetemeka, mama Zinash, anatetemeka mwili mzima. Ananiuliza, unataka nimzike na huyu? Nifanyeje mimi?

Alikuwa hajalala, ilionekana. Na mtoto analia.

— Kaa, nikamwambia. Kikombe changu umeshakishika. Huondoki kabla ya baraka.

— Nakunywa baraka, naondoka.

— Haya. Ukishakunywa.

Hapo ndipo nilipoamua kumimina taratibu. Sikuwa na la kumwambia, nisiwadanganye. Sikujua mtoto ana nini. Nilijua tu kwamba kahawa ikiwa bado ipo, spoku itasubiri.

— Nipe huyo mtoto nimwangalie, Dirisha akasema. Kwani kuna cha kuuliza hapa? Upepo huu! Unampakia mtoto kwenye bajaji isiyo na milango halafu unashangaa analia?

— Nimemfunika, mzee.

— Umemfunika wapi? Ona shavu hili. Jekundu. Ona hili la pili. Halina kitu. Upepo umeingilia upande huu, umetua hapa, umekaa.

— Mimi nimepanda bajaji hiyo hiyo, Shambeli akadakia, mbona shavu langu halikuwa jekundu?

— Wewe una shavu? Hilo gome.

Dirisha akamgubika mtoto ndani ya shuka lake zito. Kirubel akatapatapa, akakamata pindo la shuka, pale kwenye vifundo vya nyuzi, akalitia mdomoni akaanza kulitafuna. Kimya. Kimya kabisa mpaka tukasikia makaa yanalia.

— Mmeona? Dirisha akatutazama mmoja mmoja. Mmeona? Nimeziba upepo, kanyamaza. Mama Spoku wa nini?

— Mtoe hilo shuka mdomoni, nikamwambia. Hujalifua tangu sikukuu ya Timkati.

Akalichomoa. Mtoto akaangua kilio, watu wakageuka kule juu kwenye ngazi.

— Umerudi, Dirisha akasema kwa huzuni. Upepo umerudi.

— Upepo gani, toka hapa! Shambeli akamnyang'anya mtoto, akampakata juu ya magoti. Mimi nimeona watoto wa kambi nzima. Tazameni mate haya. Hivi haya ni mate au bomba limepasuka? Kidevu chote kimetoka vipele kwa mate. Mtoto akitoa mate hivi ana hamu ya kitu. Gizachew, sema kweli mbele ya watu. Wubit alipokuwa mjamzito alitamani nini?

Gizachew akajikuna.

— Nyama mbichi.

— Lini?

— Katikati ya Kwaresima.

— Ukampa?

— Mzee, ulikuwa mfungo! Mama angenifukuza nyumbani!

— Basi kesi imekwisha, Shambeli akasema, akapiga paja. Hukumpa mama, mtoto anadai. Akipita buchani analia?

— Analia kila mahali.

— Ikiwemo buchani!

Wakati anasema hivyo, Kirubel akamkamata kidole gumba, akakivuta mdomoni.

— Aaah! Wallahi kaniuma! Ana nguvu huyu! Mnaona? Nyama! Anatafuta nyama!

— Acha uongo, mtoto wa miezi mitano atakuumaje?

— Nakwambia kaniuma, njoo uweke chako!

Hakuna aliyeweka chake. Mtoto alikuwa ametulia, anang'ang'ania gumba lile huku ameangalia juu kwenye mabati kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari. Ila gumba la Shambeli nalijua linakopita, nikamwambia alitoe upesi. Akalitoa. Kilio.

— Hamu imempanda tena, Shambeli akasema.

Nikamimina raundi ya pili. Nilimimina kwa mbali, uzi mwembamba, kikombe kimoja, nikapumzika, nikapangusa mdomo wa buli, nikamimina kingine. Dirisha akanitazama.

— Dada, leo mkono unauma?

— Kunywa wewe.

Nusu Daktari alikuwa hajasema neno, na huo kwake ni ugonjwa. Nikamuuliza mimi:

— Wewe uliyesoma, haiwezi kuwa meno tu? Meno ya kawaida, ya Mungu?

Akacheka kwa pua.

— Meno? Miezi mitano? Dada Zinash, tusichekeshane. Binadamu meno ni miezi minane.

— Nani kasema?

— Sayansi. Ndama anazaliwa nayo, sawa? Mwanambuzi vilevile. Binadamu yuko nyuma ya ndama kwa miezi minane kamili. Tulifundishwa.

— Ulifundishwa muhula mmoja!

— Na muhula wenyewe ulikuwa wa meno.

Basi meno yakafungiwa faili pale pale, tena na mimi mwenyewe nikakubali, maana mtu akisema kamili hivyo utambishia nini? Nusu Daktari akasogea akamkazia mtoto macho.

— Angalieni mkono wake. Umeenda wapi?

Mkono wa Kirubel ulikuwa sikioni. Analivuta, analiachia, analivuta tena.

— Analivuta sikio, Gizachew akasema. Siku hizi kutwa nzima.

— Nyumbani kwako mnara wa simu uko wapi?

— Nyuma ya choo.

Nusu Daktari akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

— Anapokea simu, akasema.

— Nani anapokea simu?

— Mtoto. Fuvu lake bado halijafunga. Mawimbi yanaingia utosini. Simu za Dessie nzima zinapita kichwani mwa mtoto huyu, ndugu zangu, za mikopo, za ndoa, za watu wanaotukanana. Hata ungekuwa wewe ungelia.

— Ndiyo maana halali usiku! Dirisha akaruka. Usiku ndiyo bei nafuu ya kupiga!

— Na ziwa analikataa, Gizachew akasema, naye sasa ameshaanza kuamini, maskini. Anashika, ananyonya kidogo, anaachia, analia.

— Laini iko bize, Nusu Daktari akasema. Mtu atakulaje na simu iko mkononi?

Wakaanza kugombana kama suluhisho ni kuhama nyumba au kumvika mtoto sufuria. Shambeli akasema hapana, mnara hauna kosa, huyu kapigwa jicho. Dirisha akauliza jicho la nani. Shambeli akasema jicho la mtu anayemtazama sana mtoto huku kajifunika mpaka masikioni. Dirisha akasimama, na kusimama kwa Dirisha kwenye upepo si jambo dogo.

— Unaniita mchawi, mpishi wewe?

— Nimetaja jina?

— Umetaja masikio!

— Kaeni chini! nikapiga koleo kwenye jiko. Mtoto analia nyie mnatafuta wachawi. Kaeni!

Wakakaa. Shambeli, kutaka amani, akatoa kichupa chake kutoka mfukoni mwa koti. Anasema ni dawa ya kifua. Sote tunajua ni pombe kali, ndiyo maana hanywi mbele ya mkewe.

— Kidogo tu kwenye ufizi, akasema. Kidole kimoja. Analala mpaka kesho.

— Ukimpaka mtoto hiyo nakumwagia buli zima, nikamwambia. Lenye moto.

— Basi asali, Dirisha akasema.

— Na asali hapana. Nesi wa kliniki alishatupigia kelele mpaka koo likamkauka, mtoto hajafika mwaka hapewi asali. Mnataka kumwua kabla ya Mama Spoku?

Nilisema kwa hasira, na nilipomtazama Gizachew nikajuta. Alikuwa amemrudisha mtoto kifuani, anamtikisa tikisa, machozi yanamtoka kimya kimya, hafuti.

— Mimina baraka, mama Zinash, akasema. Nikamalizane nalo. Mnasema upepo, mnasema nyama, mnasema simu. Mama yangu yeye ana uhakika na anachosema. Anasubiri.

Nikamimina baraka. Hata nivute vipi, vikombe ni vidogo, buli likaisha. Wakanywa. Gizachew akanywa chake kwa mkupuo, akakiweka, akanyanyuka.

Nikachukua kibuyu, nikatia maji kwenye mashapo yale yale ya kahawa, nikarudisha buli jikoni.

Benchi zima likanigeukia. Hata mshona makoti alichungulia.

— Zinash, Shambeli akasema kwa upole, kama anaongea na mgonjwa. Baraka imepita.

— Naiona.

— Sasa hiyo ni nini?

— Raundi ya nne.

— Haipo raundi ya nne! Tangu babu zetu! Inaitwaje?

— Inaitwa kaa chini, Gizachew.

Akakaa. Sijui kwa nini alikaa. Nafikiri alikuwa anatafuta tu mtu wa kumwamrisha akae.

Ndipo akaja yule mtu. Hatujamwona kabla wala baadaye. Alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, dereva wa lori la chumvi kutoka kule bondeni Afar, lori lake tuliliona limeegemea upande mmoja kule barabarani. Akatusalimu wote, akauliza fundi wa tairi yuko wapi, tukamwambia hajafungua, akaomba kikombe, akachuchumaa pembeni na bisi mkononi.

Wakati huo Kirubel, kwenye paja la baba yake, alinyoosha mkono akamvua Shambeli bereti. Jamani! Bereti ya Shambeli! Mkewe haigusi. Sisi tukaacha hata kupumua. Mtoto akaipachika mdomoni, ule ukingo wa ngozi, akaukandamiza kwa ufizi kulia, akauhamisha kushoto, anakoroma kwa raha. Kimya.

— Jeshi, Shambeli akanong'ona. Atakuwa mwanajeshi.

Kisha uchungu wa bereti ukamshinda, akaivuta. Kilio. Akairudisha. Kimya. Dirisha akasema ni kwa sababu bereti imeziba upepo. Nusu Daktari akasema hapana, ile nembo ya chuma inakinga mawimbi. Shambeli akasema mtoto amesikia harufu ya nyama ya kambini. Wakaanza upya, sauti juu, vidole juu, bereti inavutwa, mtoto analia, bereti inarudi, mtoto ananyamaza.

Dereva wa chumvi alikuwa anatafuna bisi, anawatazama, mara huku mara kule.

— Samahani wazee, akasema. Mimi sina mtoto, sijui mambo haya. Lakini mbona akitafuna halii?

Dirisha alifungua mdomo, akaufunga. Nusu Daktari aliangalia juu upande wa mnara, kama vile ungemsaidia. Shambeli aliangalia gumba lake. Nami nikakumbuka pindo la shuka, na gumba, na sasa bereti, vyote vimepita mbele ya macho yangu haya, nami nimekazana na buli tu.

— Mnamtafunisha halafu mnamnyang'anya, dereva akasema. Basi mimi nimeuliza tu.

Nikanawa mikono. Nilinawa kwa sabuni, nikasuuza kwa maji yangu ya kunywa, yale ninayochemsha na kuyalaza nje usiku, kwa baridi ya Dessie yanakata mifupa. Nikamwambia Gizachew mshike kichwa vizuri. Nikaingiza kidole kidogo taratibu, nikapita juu ya ufizi wa chini, mbele. Umevimba. Una moto kidogo. Na pale katikati kidole kikakwaruzwa na kitu chembamba, kikali, kama ukucha.

— Kuna kitu, nikasema.

— Cheupe? Shambeli akauliza haraka.

Nikachungulia. Kimechungulia nacho.

— Cheupe.

— Basi ndilo dudu lenyewe! Ya Rabi! Meno mabaya ndiyo hayo hayo, meupe! Mama yake Gizachew alisema kweli!

Gizachew akabadilika rangi. Akasimama, akaanza kufunga shuka la mtoto vibaya, fundo halishiki.

— Mama alisema, akawa anarudia. Mama alisema. Naenda. Acheni niende.

— Subiri!

— Nisubiri nini tena? Umeliona mwenyewe!

— Gizachew, subiri, nakuomba.

Sikuwa na mpango wowote. Nilichokuwa nacho mkononi ni kikombe, kile chake alichonywea baraka, nilikuwa nimeshakisuuza kwa maji ya moto na kukiweka chini kipoe. Nikakishika. Nikausogeza ukingo wake mdomoni mwa mtoto, naye Kirubel, mpenda kutafuna, akaachama mwenyewe. Nikagusa pale kwenye kile cheupe, polepole.

Ti.

Kidogo sana. Kama kijiko kinapogusa bilauri chumba cha pili. Lakini tulisikia wote.

— Nini hiyo? Nusu Daktari akauliza.

— Nyamazeni.

Nikagusa ufizi pembeni: hakuna sauti. Nikarudi pale katikati.

Ti.

— Shambeli, nikasema, wewe umepikia watu miaka yote. Umewahi kugonga funza likalia?

Shambeli akafikiri. Naapa alifikiri kweli kweli.

— Funza halilii, akasema.

— Dudu halilii ti. Kinacholia ti ni nini?

— Ni jino, Dirisha akasema, na shuka likamteleza masikioni, hakuliokota. Jamani, ni jino. Ana jino huyu!

— Ni jino! Shambeli akapiga kelele. Ndiyo maana aliniuma! Si niliwaambia kaniuma? Nani alinibishia?

— Miezi mitano, Nusu Daktari akasema taratibu. Huyu amewahi. Ana tabia ya ndama.

Gizachew alikuwa amesimama palepale, fundo la shuka mkononi. Akaniuliza:

— Mama Zinash, ni jino tu?

— Ni jino tu, mwanangu.

— Mate?

— Jino.

— Sikio? Na shavu? Na kukataa ziwa?

— Ufizi unamuuma, maumivu yanapanda mpaka sikioni. Akinyonya unamuuma zaidi. Vyote ni hilo hilo. Mguse paji. Joto la kuchemka hana. Akichemka, au akiharisha, au ukiona hanyonyi kabisa, hapo unampeleka kliniki, tena mbio, hiyo siyo meno na usikubali mtu akwambie ni meno. Lakini siyo kwa spoku. Kwa spoku haendi mtoto huyu, leo wala siku nyingine.

Akaketi chini, si kwenye benchi, chini kwenye majani niliyotandika, akamkumbatia mwanawe akalia kwa sauti. Dirisha naye akalia, akasingizia moshi. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nilipokumbuka kuziba mdomo nilikuwa nimechelewa, wameshaiona chonge yangu iliyolala, basi nikaendelea kucheka hivyo hivyo.

Nikachukua kitambaa safi, nikakichovya kwenye yale maji ya baridi, nikakikamua, nikampa Kirubel pembe moja. Akakitafuna kwa hasira kwanza, kisha kwa raha, kisha macho yakaanza kulegea. Nikamwonyesha Gizachew namna ya kukipapasa kidevu, kukausha si kusugua, mate yasimchubue. Nikamwambia kijiko kilicholala kwenye maji ya baridi kinafaa vilevile, na kidole kilichooshwa, na kubebwa. Kubebwa sana. Shambeli akapangusa bereti yake, akaukagua ule ukingo, una alama ya jino. Nilidhani atagomba. Akaivaa, alama mbele.

— Mama yangu hataamini, Gizachew akasema ghafla. Atasema mmenidanganya.

— Tutakwenda wote, Shambeli akasema. Tutabeba kikombe. Nitamgongea mwenyewe.

— Kikombe changu hakitoki hapa na wewe, nikasema. Nitakibeba mimi.

— Na tufunge madirisha tukifika, Dirisha akasema.

Dereva wa chumvi alikuwa amekwisha kunywa. Akasimama, akakung'uta vumbi, akauliza kama fundi wa tairi keshafungua. Tukamwonyesha. Hatukumuuliza hata jina, hatuna adabu. Raundi ya nne ilikuwa imechemka hadi kufurika kwenye makaa, hakuna aliyeiona, imekwisha yote, imebaki harufu.

Gizachew akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Iliita sana. Ilipopokelewa, kwanza tulisikia wanawake wa kwenye matanuri ya injera wakisemezana, kisha sauti ya Wubit, imekauka.

— Umeshamaliza?

Gizachew akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. Kule upande wa pili tukasikia pumzi ya Wubit inaanza kukatika katika.

— Nimekuuliza, umeshamaliza? Analia? Mbona simsikii?

Nikaichukua simu, nikaisogeza mdomoni mwa mtoto. Kirubel alikuwa nusu usingizini, ameachama, kitambaa kimemponyoka. Nikagusa.

Ti.

— Nini hiyo? Wubit akauliza.

— Jino, Gizachew akasema. Wubit, ni jino. Sikumpeleka.

Wale wanawake wa matanuri walinyamaza, sijui aliwaashiria nini. Pale benchini hakuna aliyekohoa, na Dirisha alikuwa amefunua masikio yote mawili kwenye upepo.

— Gonga tena, Wubit akasema.

Nikagonga tena.